Kabati Isiyokauka

Nimechoka na kabati hii. Kila asubuhi natoa vikombe ndani yake, kila asubuhi naiona ilivyo uchi, haina rangi wala vernisi, madoa ya mafuta yamezama kwenye mlango wa kushoto, na najiambia leo nitashika burashi niimalize. Halafu nakaa. Ni kazi ya siku nne tu, na kazi yenyewe naijua, maana njo hiyo inayonilisha. Watu wa mtaa wetu hapa Kalemie, kando ya ziwa, huniletea vitanda vilivyolegea, viti vilivyovunjika miguu, meza za babu zao, nami navikwangua, navitia rangi, navirudisha vikiwa na sura ya kupokea wageni. Wakija kuchukua vitu vyao huitazama ile yangu pale ukutani na kuguna.

"Mama, na yako mwenyewe je?"

Nawaambia bado haijakauka. Wanacheka, maana wanaijua tangu zamani na hakuna mbao ya kukauka muda wote huo. Mimi sicheki. Nawapa viti vyao waende.

Bwana wangu ndiye aliyeanza kazi hii. Alikuwa seremala kwenye karakana ya reli, na akirudi jioni alikuwa bado hajashiba mbao, analeta kiti cha huyu, rafu ya yule, anakaa uani mpaka giza. Mimi nililalamika kwamba vumbi linaingia kwenye unga wa bukari, ugali wetu, nikalalamika weee, mpaka siku moja akanipa kipande cha msasa akasema kama vumbi linaniudhi basi nilitoe mwenyewe, nione linatoka wapi. Ndivyo nilivyoajiriwa. Yeye akabaki na mbao, mimi nikachukua rangi. Alinifundisha kukwangua rangi ya zamani kwa kipande cha chupa, taratibu, kufuata nyuzi za mbao. Alinifundisha kuziba matundu ya wadudu kwa unga wa msumeno uliokandwa na gundi. Na alinifundisha shavu.

Mkono wa fundi una sugu, hausikii vizuri. Kwa hiyo kabla ya kupaka rangi unaweka shavu lako juu ya mbao na kungoja kidogo. Mbao yenye maji hubaki baridi hata ukingoja. Iliyokauka hupokea joto lako. Baba mkwe wangu, seremala wa misheni kule Kongolo, aliwafundisha hivyo watoto wake wawili wa kiume, bwana wangu na mkubwa wake. Mara ya kwanza nilipomwona mtu mzima ameegemeza shavu kwenye kitanda cha jirani nilidhani anasikiliza watu ndani. Baadaye nikawa nafanya vilevile bila kufikiri, na majirani wakawa wananicheka mimi.

Kabati ilikuwa ya mama yao. Ni ya mvule, juu milango miwili ya wavu, chini milango miwili ya mbao, na miguu iliyochongwa kwa mkono na yule seremala wa misheni. Mama mkwe aliweka humo unga, chumvi na samaki wakavu, na watoto hawakuruhusiwa kuigusa. Alipofariki, bwana wangu, mtoto wa mwisho, akaja nayo Kalemie kwa treni. Alilala kando yake kwenye behewa la mizigo siku zote za safari, na akafika ananuka samaki. Wakati ule hakuna mtu wa ukoo aliyesema kitu.

Halafu ziwa likapanda. Tulikuwa tunakaa chini, karibu na ufuko. Maji yaliingia kwanza uani, tukayazoea, tukawa tunavuka kwa matofali. Kisha yakaingia sebuleni. Tulikuwa na godoro la kuokoa, nguo, vyungu, vyeti vya watoto, na bwana wangu akaenda moja kwa moja kwenye kabati.

"Shika upande wako," akaniambia.

"Godoro je?"

"Godoro litanunuliwa lingine. Shika upande wako."

Tuliinua, yeye huku mimi kule, maji yamefika magotini, tukapandisha kila mguu wake juu ya tofali moja. Nilikuwa nimekasirika kwelikweli. Nilimwambia amenioa ili apate mtu wa kubeba kabati ya mama yake, na yeye akaanza kucheka, akacheka mpaka upande wake ukateleza, ukamwaga maji mpaka usoni kwangu, na mimi pia nikacheka. Kesho yake tuliongeza tofali la pili. Siku ya tatu maji yakapita matofali yote, tukahamia huku mlimani, na kabati ikabaki mle ndani wiki nyingi, imesimama majini peke yake.

Ilipotolewa na kuletwa kwa mkokoteni milango ilikuwa imevimba, mguu mmoja umefunguka, na harufu ya tope imejaa. Bwana wangu akaweka shavu, akalitoa upesi.

"Hii imekunywa ziwa zima," akasema. "Tuiache kivulini. Kiangazi kijacho tutaifanya wawili."

Hakufika kiangazi. Kifua kilimbana wiki mbili, akaenda. Nilimpenda mtu yule, nasema wazi, na sijapata njia nzuri ya kulisema kuliko hiyo.

Kwenye kilio ndugu zake walichukua vitu vyake kama desturi inavyotaka. Baiskeli, redio, makoti mawili, sanduku la vyombo vya useremala. Nilimwomba mkubwa wake, shemeji yangu, aniachie randa moja na nyundo, akaniachia. Ni mtu mpole, mrefu, anaongea polepole, na ukoo mzima unangoja aseme ndipo useme. Mwishoni akauliza kabati ya mama iko wapi. Nikampeleka nyuma ya nyumba, nikafunua turubai. Akaitazama ile milango iliyovimba na mguu uliofunguka, akatikisa kichwa, akaifunika tena mwenyewe. Walirudi Kongolo bila hiyo. Ndani ya moyo nilifurahi, na nikaona haya kufurahi siku kama ile.

Mwaka mzima sikuigusa. Nilivaa nguo nyeusi, nikatengeneza vyombo vya watu, nikalala. Watu waliniletea vitu vilivyookolewa majini, na kila mmoja nilimwambia neno lilelile: mbao ya ziwa iwekwe kivulini, ipate upepo, isipelekwe juani, isipakwe rangi mpaka shavu likubali. Wengine walikasirika. Mama mmoja alitaka kitanda cha arusi ya binti yake haraka nikakataa, akakipeleka kwa fundi mwingine, na baada ya miezi miwili akanirudishia rangi imebanduka yote. Nilimsema, tena sana. Nilikuwa najiona mimi ndiye fundi.

Mwaka ukakaribia kuisha, siku ya kumaliza kilio ikapangwa. Huku kwetu mjane hajivui nguo nyeusi mwenyewe. Lazima ukoo wa mume uje, shangazi yao akutoe ile nguo, akufunge kitenge kipya, shemeji mkubwa aseme mbele ya watu kwamba wamekuachilia. Mpaka hapo wewe bado ni wa kilio. Na ukoo ukija unaangalia. Unaangalia kama nyumba imepakwa chokaa, kama uwanja umefagiwa, kama sufuria zinang'aa, na njiani kurudi wanayasema yote.

Basi wiki tatu kabla, nikatoa kabati chini ya turubai. Nilitaka na yenyewe itoke kilioni. Nilitaka waone ndugu yao alivyonifundisha. Nikautia mguu gundi, nikaurudishia msumari wa mbao. Nikapunguza milango kwa randa mpaka ikafunga. Nikakwangua, nikapiga msasa mpaka alama za vidole zikaisha, nikasugua wavu kwa mchanga na ndimu. Halafu nikaweka shavu, na mbao ilikuwa baridi. Nilingoja, ikabaki baridi. Nilijua maana yake kuliko mtu yeyote mjini hapa, nikafungua kopo la rangi hata hivyo. Rangi nzuri ya mafuta, ya krimu, iliyoletwa kwa boti kutoka Kigoma. Nikapaka mikono mitatu, tabaka juu ya tabaka.

Ilipendeza mno. Hata leo, nikifikiria kazi zangu zote, sikuwahi kupaka vizuri namna ile.

Siku yenyewe walikuja watu kumi na mmoja kutoka Kongolo. Asubuhi tulikwenda kanisani, kisha nyumbani shangazi yao akanivua nguo nyeusi, akanifunga kitenge cha bluu, nikalia, tukala. Sebule ilikuwa imetolewa vitu vyote ili wamama wakae kwenye mikeka, ndiyo desturi, na kabati nilikuwa nimeiweka barazani, mahali ambapo kila anayeingia aione. Hilo nalo lilikuwa kosa, lakini wakati ule niliona ni akili. Nilikuwa napita na sahani za samaki, migebuka ya ziwa, huku nawasikia. Ile si kabati ya mama? Njo yenyewe. Angalia miguu ile. Loo, imekuwa mupya.

Baada ya chakula shemeji akasimama. Akasema nimemlilia ndugu yao vizuri, ukoo hauna neno juu yangu, wameniachilia. Watu wakapiga makofi. Kisha akageuka kidogo kuelekea barazani.

"Kiko kitu kimoja tu, Mama," akasema. "Hii kabati njo ya mama yetu. Tuliiacha maana tulidhani imekufa. Umeifufua, na tunakushukuru sana. Kitu cha mama kinarudi nyumbani kwa mama. Kesho tutapanda nayo treni."

Wakaitika wote. Mmoja wao alikuwa na kamba tayari, mpya, imezungushwa kwenye bega tangu asubuhi, nami nilikuwa nimedhani ni ya mizigo yao. Nilisimama na sahani mkononi. Nilitaka kusema hapana na sikuweza, kwa sababu hakuwa ananinyang'anya. Alikuwa anasema kweli. Ilikuwa ya mama yao, shemeji huyu alikatazwa kuigusa akiwa mdogo, na sasa ni mzee anaitaka nyumbani kwake. Na ni mimi mwenyewe niliyeipamba nikaiweka njiani. Ningeiacha mbovu chini ya turubai, wangekula samaki wakaenda zao.

Jua lilikuwa limezunguka, linapiga baraza moja kwa moja. Shemeji akaisogelea, akapitisha kiganja mlangoni, kikasimama. Katikati ya mlango wa kushoto, mbele ya ukoo mzima, rangi yangu ilikuwa inainuka. Uvimbe mmoja, ukubwa wa yai la kuku. Kando yake mwingine mdogo. Akaubonyeza kwa ukucha, ukapasuka, na maji yakateremka kwenye mlango mpaka sakafuni.

Mimi ningependa ardhi ipasuke niingie. Fundi gani huyu, mjane wa fundi, anapaka rangi juu ya maji? Shemeji akainama, akaweka shavu kwenye sehemu iliyopasuka. Nilipomwona hivyo, mtu mrefu ameinama na shavu kwenye mbao, nilimwona ndugu yake, maana naye aliinama vilevile. Alikaa muda. Alipoinuka alikuwa ananiangalia mimi, si kabati.

"Iko na maji," akawaambia wenzake. "Tukiibeba hivi, itapasukia njiani. Ikauke kwanza."

Walirudi Kongolo na kamba yao. Kesho yake nikashika kipande cha chupa, nikaitoa rangi yote, mikono mitatu, mpaka mbao. Hiyo ndiyo kazi iliyonichosha kuliko zote nilizofanya.

Kiangazi kilichofuata akapiga simu. Aliuliza habari za watoto, akauliza ziwa limefika wapi, kisha akauliza kabati imekauka. Nikaweka simu chini, nikaenda kuweka shavu, nikarudi. "Bado, shemeji." Ilikuwa kweli.

Kiangazi cha pili akapiga tena. Sikuhitaji kwenda kuangalia. Wiki ile ile nilikuwa nimeweka shavu nikasikia mbao inapokea joto langu, nikabaki pale nimeiegemea, nalia bila sauti, kwa sababu ilikuwa tayari. "Bado, shemeji," nikamwambia. Nilidanganya. Nilimdanganya mtu aliyeniachilia mbele ya watu kwa maneno mazuri, na nilijiona mbaya, na ningedanganya tena. Kiangazi cha tatu nikadanganya tena. Na tangu hapo sikuweza kuitia rangi, maana kabati iliyopakwa rangi imekauka, imekwisha, inapanda treni. Naishi na kazi isiyomalizwa sebuleni mwangu, mimi ambaye siwezi kuona kiti cha jirani kimekwaruzwa nikapita. Vumbi linaingia kwenye nyuzi zake, mafuta yanazama, na kila siku mkono unaniwasha kuitengeneza.

Mwaka huu hakupiga simu. Alikuja. Macho yake yameharibika, aliletwa kupimwa hospitalini, na binti yake akamfikisha kwangu, akamwacha mlangoni, akaenda sokoni. Shemeji alikuwa na mfuko mdogo wa nguo, na juu ya mfuko nikaiona ile kamba. Nilimkalisha, nikampa maji, tukaongea mambo ya Kongolo, nani amekufa, nani amejenga. Nilikuwa naongea huku nasema moyoni, leo yamekwisha.

"Nipeleke kwenye kabati," akasema.

Nikamshika mkono, nikampeleka. Ilikuwa hatua tano tu. Asubuhi hiyo jua la dirishani lilikuwa limeikalia, ni mbao kavu ya kupigia mfano. Nikaanza kusema, "Shemeji, nikuambie jambo," akainua kiganja kidogo, ninyamaze. Akapapasa miguu aliyoichonga baba yake. Akapapasa mlango. Akafungua ule wa wavu, mkono ukaingia kati ya vikombe vyangu, ukakutana na kikombe cha bati cha ndugu yake, ambacho ukingo wake umebonyea, akakijua, akakirudisha mahali pake polepole. Kisha akaufunga mlango, akainama, akaweka shavu.

Akakaa hapo. Muda mrefu kuliko unaohitajika kwa mbao yoyote. Mtoto wa seremala, aliyefundishwa shavu kabla hajafundishwa kusoma.

Akainuka, akajipangusa vumbi.

"Bado iko na maji, Mama," akasema. "Mengi. Nitawaambia wa nyumbani waache kuuliza."

Nikatoa vikombe viwili, nikampikia chai, akanywa katika kile cha bati. Binti yake aliporudi na kumnyanyua, shemeji akasahau kamba kwenye kiti. Nikamkimbilia nayo mpaka barabarani, akakataa kuishika. Alisema ni nzito, na yeye ni mzee, na treni ina watu wengi.

Kwa hiyo sasa tuko wawili tunaodanganya. Siku nitakapoipaka rangi, mtu atapita, ataiona, atapeleka habari Kongolo kwamba inang'aa, na shemeji atakuwa mwongo mbele ya ukoo wake uzeeni. Basi inakaa hivyo, na madoa yake, na mimi najibu wateja vilevile. Kamba nimeifunga uani, kutoka dirishani mpaka kwenye mti wa mpera. Ni imara sana. Naanikia nguo.